Vifaa Havionani Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Anwani za IP na Majina ya Vifaa

Chukua nyumba ya kawaida ya Sinza au Tabata. Ruta iko sebuleni, fremu ya mbele ni steshenari yenye printa, getini kuna kamera, ndani kuna runinga, na kila mtu ana simu yake. Siku vifaa hivi vinapoacha kuonana, wa kwanza kulaumiwa ni bando, wa pili ni ruta. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Tatizo liko kwenye namba ya kifaa au kwenye jina lake, na haya ni matatizo mawili tofauti yenye dawa tofauti. Anayeyachanganya ndiye anayeishia kununua ruta mpya bila sababu.

Anwani ya IP ya ndani ni nini? Mbona ya kwangu inafanana na ya jirani?

Kila kifaa kilicho kwenye mtandao kinahitaji namba ya kukitambulisha. Namba zote za IPv4 (toleo la nne la mfumo wa anwani za IP) ni takriban bilioni 4.3, na hazitoshi kumpa kila mwenye simu, kamera na printa ya kwake. Ndiyo maana tangu mwaka 1996 kuna makundi matatu ya namba yaliyotengwa rasmi kwa matumizi ya ndani tu: 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255.

Namba hizi hazisafiri kwenye intaneti. Kwa hiyo kwako Kimara kunaweza kuwa na kifaa chenye 192.168.1.5, na kwa jirani kukawa na kingine chenye namba hiyohiyo, na wala visigombane. Ugomvi unakuja pale tu vifaa viwili vya nyumba moja vinapojikuta na namba moja.

Nitaijuaje anwani ya kifaa changu?

Kwenye Windows, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, kisha andika `ipconfig`. Angalia mistari miwili: wa IPv4, ambao ni namba ya kompyuta yako, na wa Default Gateway, ambao ni namba ya ruta. Kwenye Linux amri ni `ip addr`. Kwenye simu, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa, namba utaiona humo. Printa nyingi zinaweza kuchapa karatasi yenye taarifa za mtandao ukiingia kwenye menyu yake, na karatasi hiyo inafaa kubandikwa ukutani karibu na printa.

Namba ya ruta hutegemea aina. Ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu zina 192.168.8.1, vifaa vyao vingi vya faiba vina 192.168.100.1, na ruta nyingine nyingi hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Usikariri hizo. Soma ya kwako kwenye kompyuta.

Kompyuta inanionyesha namba inayoanza na 169.254. Hiyo imetoka wapi?

Imejipa yenyewe. Kifaa kikiwashwa huomba namba kwa ruta, kupitia huduma inayoitwa DHCP. Kikiomba na kukosa jibu, hujichagulia namba yoyote kwenye kundi la 169.254 ili angalau kiwe na kitu. Ukiiona namba hiyo usihangaike na nenosiri la printa, wala na majina, wala na bando. Kifaa hakijafika kwa ruta. Basi.

Sababu ya kawaida hapa mjini ni umeme kukatika na kurudi. Kamera na printa huamka haraka, wakati ruta ya laini ya simu bado inatafuta mtandao na huduma zake hazijasimama. Kifaa kizuri kitaendelea kuomba mpaka kipewe. Baadhi ya kamera za bei nafuu huomba mara chache kisha zinanyamaza. Kwa hiyo zima kamera, subiri ruta iwe tayari kabisa, kisha washa kamera. Kama umeme kwenu unakatika mara kwa mara, UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta peke yake ni fedha iliyotumika vizuri, kwa sababu ruta haili umeme mwingi na hiyo UPS itaibeba muda mrefu.

Kama si umeme, kagua kebo, hasa ile iliyopita chini ya mlango au nje ukutani juani. Kisha ingia kwenye ruta uone kama DHCP imewashwa na kama namba zake hazijaisha. Ruta iliyopangiwa kugawa namba 10 tu, kwenye nyumba yenye wapangaji, itajaa upesi sana.

Na jina la kifaa je? Linafanyaje kazi?

Ni kama jina ulilohifadhi kwenye simu, tuseme Fundi Bomba. Ukiligusa, simu inapiga namba iliyo nyuma yake. Fundi akibadilisha laini, jina linabaki lakini halimfikii mtu.

Kompyuta ikiambiwa jina, ina njia kadhaa za kutafuta namba yake, na kujua njia hizo ndiko kunakookoa muda. Ya kwanza ni faili la hosts, lililomo ndani ya kompyuta yenyewe: kwenye Linux na Mac ni `/etc/hosts`, kwenye Windows ni `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Faili hili ni mabaki ya enzi za kabla ya mwaka 1983, wakati orodha ya kompyuta zote za mtandao ilitunzwa kwenye faili moja na watu wakiinakili. Mwaka huo Paul Mockapetris alibuni DNS, ambayo ndiyo njia ya pili: kompyuta inauliza seva, seva inajibu. Nyumbani, seva hiyo kwa kawaida ni ruta yako.

Njia ya tatu ni mDNS, na hii haina seva. Kifaa kinapaza sauti kwa wote walio kwenye mtandao: nani anaitwa `printa-duka.local`? Mwenye jina anajitokeza na kutaja namba yake. Sauti hiyo hutumwa kwa anwani 224.0.0.251, mlango (port) 5353, na majina yake huishia na .local. Windows ina njia zake nyingine za zamani za aina hii, ndiyo maana kompyuta mbili za Windows huweza kuitana kwa jina tupu.

Kifaa hakipatikani. Nianzie wapi?

Anza na namba. Kila mara. Amri ya kutumia ni ping, inayokiita kifaa na kusubiri kiitike. Tuseme printa ina 192.168.1.20 na jina lake ni printa-duka. Kwenye kompyuta andika:

`ping 192.168.1.20`

Ikijibu, njia ni nzima na kifaa ni kizima. Sasa andika:

`ping printa-duka.local`

Hii ya pili ikikataa kwa kusema haikumpata mwenye jina hilo, tatizo lako ni jina peke yake, na unaweza kuendelea kuchapa kwa kutumia namba wakati unalitafutia jina dawa. Mteja amesimama dirishani anasubiri CV yake, hana haja ya kujua habari za DNS.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: jina linajibu, lakini namba inayoonekana kwenye majibu siyo namba ya printa. Hapo kuna kumbukumbu ya zamani mahali fulani. Soma faili la hosts kwanza, maana huenda mtu aliandika mstari humo akausahau. Kisha kwenye Windows andika `ipconfig /flushdns` kufuta majibu yaliyohifadhiwa.

Namba isipojibu kabisa, soma ujumbe kwa makini. Ukiona "Destination host unreachable" na umetoka kwenye namba ya kompyuta yako mwenyewe, maana yake kompyuta iliita ndani ya nyumba na hakuna aliyeitika: kifaa kimezimwa, kimehama namba, au kiko kwenye mtandao mwingine. Ukiona "Request timed out", usikimbilie kusema kifaa kimekufa. Kompyuta ya Windows iliyoambiwa kwamba mtandao wa nyumbani ni wa hadharani huweza kunyamazia ping kwa sababu ya faiwoli yake, huku ikiwa hai na inafanya kazi. Mara tu baada ya kuping, andika `arp -a`. Namba ile ikiwa kwenye orodha pamoja na anwani yake ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao ya kifaa), kifaa kipo. Nenda kwenye kompyuta hiyo ubadilishe mtandao wa nyumbani uwe wa binafsi.

Ping ya jina inafanya kazi lakini nslookup inasema jina halipo. Nimwamini nani?

Amini ping. `nslookup` inauliza seva ya DNS tu. Haisomi faili la hosts wala haipazi sauti ya mDNS. Ni chombo kizuri cha kupima ruta inajua nini, lakini hakikuambii kompyuta yako kwa ujumla inaweza nini. Kwenye Linux, `getent hosts` ikifuatiwa na jina hukupa picha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kwenye iPhone jina la .local linafunguka, kwenye simu ya Android halifunguki. Kwa nini?

Apple wametumia mDNS tangu mwaka 2002, kwa hiyo iPhone na Mac zinaielewa vizuri. Simu nyingi za zamani za Android hazitafsiri majina ya .local kwenye kivinjari, hata kama programu ya kuchapa kwenye simu hiyohiyo inaiona printa. Kwenye simu kama hizo tumia namba. Kwenye Linux hakikisha avahi, programu inayoshughulikia mDNS, ipo na inafanya kazi.

Jina nililolisajili kwenye ruta linafanya kazi kwenye laptopu, lakini kwenye simu yangu tu ndiyo linagoma.

Angalia kama umewasha DNS ya faragha kwenye simu. Tangu Android 9 ya mwaka 2018 kuna sehemu hiyo kwenye mipangilio, na watu wengi hujaza humo anwani ya kuzuia matangazo kisha wakaisahau. Ikiwa imejazwa, simu haiiulizi tena ruta yako. Inauliza seva iliyoko nje, na seva ya nje haina namna ya kuijua printa yako ya Sinza. Iweke kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, ujaribu tena.

Ugonjwa huohuo hujitokeza kwa sura nyingine: laptopu iliyoandikiwa kwa mkono 8.8.8.8, yaani seva ya DNS ya Google, kivinjari chenye DNS yake salama, au VPN (programu inayokuunganisha na mtandao mwingine kwa njia ya siri) iliyoachwa imewashwa. Ping ikikubali jina na kivinjari kikalikataa kwenye kompyuta moja, mshuku kivinjari.

Printa ilichapa jana, leo kompyuta inasema haipo mtandaoni, na taa zake zote zinawaka.

Hili ndilo swali kuu la wenye steshenari. Namba zinazogawiwa na ruta ni za kuazima. Zina muda, mara nyingi saa 24, na baadhi ya ruta zikizimika hupoteza kumbukumbu ya nani alipewa nini. Printa ikizimwa usiku, asubuhi inaweza kupewa 192.168.1.23 badala ya .20, wakati Windows bado inapeleka kazi kwenye .20. Pengine .20 sasa ni simu ya mpangaji, ambayo haiwezi kuchapa chochote.

Dawa ya leo: soma namba mpya ya printa, fungua sifa za printa kwenye Windows, nenda kwenye milango, ongeza mlango wa TCP/IP wenye namba hiyo.

Dawa ya kudumu ni kuiwekea printa namba yake kwenye ruta. Ingia kwenye ruta kwa kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP, kisha sehemu ya kuhifadhi anwani. Andika anwani ya MAC ya printa na namba unayotaka iwe nayo siku zote. Zima printa, washa, imekwisha. Fanya hivyo kwa printa, DVR (mashine ya kurekodia kamera) na chochote kinachokaa mahali pamoja. Napendelea njia hii kuliko kuandika namba ndani ya printa yenyewe, kwa sababu orodha yote inakaa sehemu moja, na ukibadilisha ruta unajua pa kuanzia.

Kama ruta yako haina sehemu hiyo, andika namba kwenye printa, ila ichague nje ya zile zinazogawiwa. Ruta ikigawa .100 hadi .200, mpe printa .20. Ukiichagua ndani ya hizo, iko siku ruta itampa mtu mwingine namba hiyo na vifaa viwili vitaanza kupokezana kupotea.

Kwa simu, kumbuka kwamba Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao wa waifai. Ukihifadhi namba kwa ajili ya simu, tumia MAC inayoonekana kwenye mipangilio ya waifai ya mtandao huo, usichukue iliyoandikwa kwenye boksi.

Nina ruta ya faiba sebuleni na nyingine niliyoiweka banda la uani ili waifai ifike. Vifaa vya huku havivioni vya kule.

Umejenga mitandao miwili bila kukusudia. Kuta za tofali za saruji hunyonya waifai, kwa hiyo watu hununua ruta ya pili, wanavuta kebo kutoka ya kwanza na kuichomeka kwenye tundu la WAN la ya pili, lile la kupokelea intaneti. Intaneti inapatikana, wote wanafurahi, mpaka siku mtu wa banda anapotaka kuchapa.

Utaitambua kwa namba. Vifaa vya sebuleni vina, kwa mfano, 192.168.1 na kitu, vya uani vina 192.168.0 na kitu. Ruta ya pili inasimama katikati kama mlango unaofunguka upande mmoja: wa uani wanaweza kufika sebuleni kwa namba, wa sebuleni hawawezi kufika uani. Majina ya .local hayapiti upande wowote, kwa sababu ile sauti ya mDNS inaishia kwenye ruta.

Rekebisha hivi. Kwanza ingia kwenye ruta ya pili ukiwa umeunganishwa nayo, ipe anwani iliyo kwenye mtandao wa sebuleni lakini isiyotumika na kifaa kingine, tuseme 192.168.1.2. Zima DHCP yake. Kisha hamisha kebo kutoka tundu la WAN uichomeke kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya ndani. Sasa ruta moja tu inagawa namba, na ya pili inabaki kusambaza waifai. Ruta nyingi mpya zina hali maalumu ya kuzigeuza kuwa kisambaza waifai, ambayo hufanya hayo yote kwa mpigo mmoja.

Ufuate mpangilio huo. Ukihamisha kebo kabla ya kuzima DHCP, nyumba itakuwa na wagawaji wawili, na kila kifaa kitapokea namba ya yule aliyewahi kujibu. Hali hiyo inasumbua kuliko uliyokuwa nayo mwanzo, kwa sababu leo kifaa kinafanya kazi na kesho hakifanyi.

Kama waifai moja inaitwa mtandao wa wageni, hiyo ni habari nyingine. Ruta hutenga wageni kwa makusudi, na kwa nyumba yenye wapangaji ni jambo jema. Hamisha tu kifaa chako kwenye mtandao mkuu.

Nimenunua kamera mpya, ina namba yake ya kiwandani, na kompyuta haiifikii.

Kamera nyingi za Hikvision hutoka na 192.168.1.64, na za Dahua na 192.168.1.108. Kama nyumba yako inatumia 192.168.100 na kitu, kompyuta na kamera haziko mtaa mmoja, hata zikichomekwa kwenye swichi moja. Iandikie laptopu kwa muda 192.168.1.50 na maski 255.255.255.0, ingia kwenye kamera kwa kivinjari, iambie ipokee namba kwa DHCP, kisha irudishe laptopu ilivyokuwa.

Kamera zilizochomekwa nyuma ya mashine ya kurekodia yenye matundu yake ya mtandao yanayozipa kamera umeme ni tofauti. Mashine hiyo huzitengenezea mtandao wake wa ndani, kwa hiyo usizitafute kwenye orodha ya ruta. Itafute mashine yenyewe.

Bando likiisha, kamera na printa vitaendelea kuonana?

Ndiyo, ilimradi ruta imewaka. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti Tanzania ilizorota vibaya, lakini printa iliyounganishwa na ruta ya nyumbani haikuwa na sababu ya kusimama. Kinachokwama ni programu za simu zinazopitia seva za nje hata kama kamera iko hatua tatu kutoka ulipo. Ndiyo faida ya kuijua namba ya DVR: unaifungua moja kwa moja kwenye kivinjari.

Naweza kuandika 192.168.1.20 nikiwa Kariakoo nikaiona kamera ya nyumbani?

Hapana. Namba hiyo inakutafutia kifaa kwenye mtandao uliounganishwa nao wakati huo, huko huko Kariakoo. Na kufungua mlango (port) kwenye ruta ili watu wa nje waingie huenda kusisaidie, kwa sababu kampuni nyingi za simu huwaweka wateja nyuma ya anwani moja ya pamoja. Ingia kwenye ruta utazame anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au ikiwa inaanza na 10, hakuna mtu wa nje anayeweza kukufikia moja kwa moja. Tumia programu ya mtengenezaji wa kamera, au VPN kama Tailscale, ambayo imeundwa kuvuka kikwazo hicho.

Nichague majina ya namna gani?

Herufi, tarakimu na kistari tu, bila nafasi wala mstari wa chini. Usizidi herufi 15, kwani mfumo wa zamani wa majina wa Windows unaishia hapo. `printa-duka` na `dvr-geti` yanatosha. Ruta ikikuuliza jina la mtandao mzima, weka `home.arpa`, lililotengwa kwa ajili ya majumbani mwaka 2018, na usiweke .local, maana utaigonganisha na mDNS. Usijipe pia jina linaloishia .com au .co.tz usilolimiliki.

Fundi ananishauri nirudishe ruta kwenye hali ya kiwandani. Nikubali?

Usikubali mpaka amekuambia ni kitu gani anataka kukifuta. Kubonyeza kile kitundu kwa pini kunaondoa namba zote ulizohifadhi, jina na nenosiri la waifai, na kwa baadhi ya huduma za faiba kunaondoa hata jina la mtumiaji na nenosiri la kuingilia kwa mtoa huduma. Hapo tatizo la printa linageuka kuwa nyumba nzima haina intaneti, na ni Jumamosi jioni.

Kabla ya kumpigia, mwandikie vitu vinne: namba ya kompyuta yako, namba ya ruta, namba ya kifaa kinachosumbua, na majibu ya ping mbili, ya namba na ya jina. Mtumie kwa WhatsApp. Fundi anayejua kazi atakuambia la kufanya hapohapo bila kulipwa nauli ya kuja Mbezi.